Mkono Mgongoni mwa Zagorka

Zagorka alikuwa amepiga magoti bafuni, paji la uso kaliegemeza kwenye ukingo wa beseni la kuogea, na nje ya mlango mumewe Miodrag alikuwa anauliza kahawa iko wapi.

"Iko kabatini, inapokaa siku zote," alijibu binti yao Tijana. "Baba, mama anaumwa bwana."

"Anaumwa! Kila Jumapili tukishakula, anaumwa. Mbona Jumanne haumwi?"

Swali lilikuwa la maana, ila muulizaji hakungoja jibu. Jumapili ndiyo siku nyumba ile ilipokula nyama ya nguruwe yenye mafuta, na kaimaki, ile malai nzito ya maziwa, juu yake, na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe yuleyule. Siku za kazi Zagorka alikula supu nyepesi kwenye kantini ya kiwanda cha soksi, na supu ile haikumdhuru. Mwenyewe alikuwa ameshaujua ugonjwa wake. Alijua kwamba saa moja baada ya kula, kitu kitambana chini ya mbavu za kulia, kisha kipande taratibu, kizunguke mgongoni na kujichimbia chini ya bega. Alijua kwamba akilala hakitulii, akisimama hakitulii, na akitapika anapata nafuu ya muda mfupi tu. Daktari wa mjini alikuwa amempiga picha akamwambia, mama, mfuko wako wa nyongo umejaa mawe, mengine makubwa kama njegere. Tutautoa.

Tijana aliingia, akapiga magoti nyuma ya mama yake, akaanza kumsugua mgongo kwa kiganja, pale chini ya bega, kwa mizunguko ya polepole. Hakuna mtu mwingine aliyejua pa kusugua.

"Hapa?"

"Hapohapo mwanangu. Usiache."

Bibi Leposava, mama yake Miodrag, alichungulia akiwa na kitambaa kilichochuruzika rakia, pombe ya plamu ambayo katika nyumba ile ilitibu kila kitu tangu mafua hadi talaka. "Mfungeni hii tumboni, na anywe kidogo. Mimi nilizaa nikiwa navuna mahindi, nikarudi kumalizia mstari. Wanawake wa siku hizi jiwe dogo tu limewashinda."

"Mama, daktari alimkataza pombe," alisema Tijana.

"Daktari! Yule mtoto hana hata ndevu."

Meza ilikuwa bado haijaondolewa vyombo. Katikati yake ilikuwepo keki ya jozi ambayo Zagorka aliioka mwenyewe Jumamosi usiku. Wote waliila, wote waliisifia, na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Jumamosi hiyo Zagorka alikuwa ametimiza miaka hamsini na tatu. Miodrag hakuwahi kuikumbuka siku hiyo tangu wafunge ndoa. Tijana alikuwa akiisahau kila mwaka, na kila mwaka, wiki ikishapita, hujipiga kofi la paji la uso na kusema, mama nisamehe, mwakani sisahau. Zagorka alishazoea. Mgongoni ule mkono uliendelea kuzunguka, naye alijiambia kwamba mwenye binti kama huyu hana haja ya keki.

*

Tarehe ya upasuaji ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Aliingoja tangu miti ya plamu ilipochanua. Mkoba ulikuwa tayari chini ya kitanda: gauni la kulalia, taulo, kandambili mpya za manyoya ambazo alijinunulia ili asionekane maskini mbele ya manesi.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ya wiki hiyohiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, na Dimitri ndiye mlinzi wa nyumba hiyo tangu babu wa babu yake Miodrag. Kwetu huku mtu anaweza kukosa kuja kwenye harusi yako akasamehewa. Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ni jambo jingine. Mgeni haalikwi, anakuja mwenyewe, na akija lazima akute mshumaa unawaka, ngano iliyopikwa kwa sukari imewekwa karibu na mlango, mwenye nyumba amesimama, na mkewe hatulii anapeleka sahani na kutoa sahani.

"Mwaka huu keki tununue," Zagorka alisema jikoni, akimenya viazi. "Na wifi yangu apike kabichi za nyama. Mimi nitakuwa nimetoka hospitali, nitakaa pale kwenye kiti nipokee wageni."

Bibi Leposava alijiandika msalaba kifuani. "Keki ya dukani! Mbele ya Mtakatifu Dimitri!"

"Mama wa nyumba anakaa?" aliuliza Miodrag. "Akae kwenye kiti, wageni wamekuja? Watu watasema nimekuoa au nimekuazima?"

"Watasema nimepasuliwa, baba Tijana."

"Na wakwe je? Kati ya siku zote!"

Hapo ndipo palipouma. Tijana alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Uroš, mtu wa mjini, na wazazi wake walikuwa wamesema watakuja siku ya Mtakatifu Dimitri, kwa mara ya kwanza, kuiona nyumba anakotoka binti. Baba mtu ni mwalimu wa hesabu. Mama mtu anafanya kazi hospitali, alisema Uroš, mambo ya ofisi.

Tijana alikuwa anafuta glasi ileile kwa muda mrefu. "Mama," alisema, "haiwezi kusogezwa mbele kidogo? Wiki mbili tu?"

"Ukiiachia tarehe yako, mwanangu, unarudi mwisho wa foleni. Nimeshaumia vya kutosha."

Tijana aliweka glasi kabatini, akaja akambusu mama yake kichwani. "Basi mama. Afya kwanza. Tutajua la kufanya."

Zagorka aliendelea kumenya viazi, moyo umemtulia. Alau mmoja alikuwa upande wake.

*

Alhamisi iliyofuata alirudi nyumbani kutoka kiwandani akamkuta Miodrag amesimama ukumbini na koti lake, kama mtu anayengoja basi.

"Hospitali wamepiga simu," alisema. "Upasuaji hakuna. Chumba chao kina matengenezo. Wamekusogeza mpaka baada ya mwaka mpya."

Zagorka alikaa chini kwenye kasha la viatu. "Wamesogeza wote?"

"Wote. Mimi ningejuaje? Wamesema wamesogeza."

"Ngoja niwapigie."

"Uwapigie useme nini? Ugombane na madaktari, halafu ndio haohao wakupasue? Una akili wewe?"

Tijana alitokea chumbani, akamshika mabega. "Pole mama. Utajitunza tu. Hutakula mafuta, na mimi nitakuwa nakusaidia jikoni. Mpaka baada ya mwaka mpya si mbali."

Zagorka aliitikia. Ni mtu ambaye maisha yake yote akiambiwa ofisi imesema, basi imesema. Aliuvuta mkoba kutoka chini ya kitanda, akatoa gauni, akatoa taulo. Zile kandambili za manyoya alizirudisha kwenye boksi lake ili zisichakae. Bibi Leposava alikuwa anamtazama kutoka mlangoni.

"Unaona?" alisema bibi. "Mtakatifu Dimitri mwenyewe amepanga."

*

Wiki ya sikukuu alipika. Alikunja nyama ya kusaga kwenye majani ya kabichi, mamia kwa mamia, mpaka vidole vikawa vyeupe vya chumvi. Alichemsha miguu ya nguruwe ya kugandisha. Alioka keki za aina nyingi kwa sababu nyumba ya jirani ilioka nyingi mwaka jana. Na mpishi asiyeonja atajuaje chumvi? Alionja kwa ncha ya kijiko, akatema, mara nyingine akasahau akameza. Kila jioni kile kitu chini ya mbavu kilimkumbusha.

Kuanzia Alhamisi mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi. Ijumaa ngozi ilimwasha mwili mzima, akajikuna kwa brashi ya kuoshea vyombo mpaka ikavimba. Usiku alitetemeka kwa baridi chini ya mablanketi mawili. Miodrag aligeukia upande wa pili, akasema, "Zagorka, kesho siku kubwa, tulale."

Asubuhi ya Mtakatifu Dimitri padri alikuja, akakata mkate mtakatifu na Miodrag, wakaumwagia divai, na mshumaa mrefu wa nta ukawashwa mbele ya picha ya mtakatifu. Kuanzia hapo Miodrag hakukaa. Hiyo ndiyo heshima yake: mshumaa ukiwaka, mwenye nyumba yuko wima, na hatoki nyumbani.

Wakwe walifika mchana. Mwalimu alikuwa mnene, mcheshi, na rakia ilikuwa imeshampata njiani. Mkewe Ljubinka alikuwa mwanamke mwembamba wa miwani, mwenye gauni la bluu la heshima, na ndiye aliyeendesha gari kwa hiyo alikunywa maji ya matunda tu. Walichukua kijiko cha ngano mlangoni, wakajiandika msalaba, wakasema heri ya mtakatifu. Tijana alikuwa mwekundu kwa furaha. Nyumba ilinukia nta na nyama choma, vitambaa vya meza vimenyooka, hakuna doa. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiota.

Kitoto cha nguruwe cha kuokwa kilipoletwa kizima, mwalimu alipiga makofi. Kisha akaona Zagorka anapita na sahani na hajakaa wala hajala.

"Hapana, hapana! Mkwe wangu, mbona unatukimbia? Mpishi asiyekula chakula chake tumwelewe vipi?" Meza nzima ikacheka. "Au umetutilia kitu?"

"Nimeshiba kwa harufu, mkwe," Zagorka alijaribu.

"Anajikondesha," alisema Bibi Leposava. "Anataka kuwa mwanamitindo wa kiwanda cha soksi."

Wakacheka tena. Mwalimu alikata kipande cha ngozi, ile ngozi ya kahawia inayolia mdomoni, na mafuta yake meupe chini, akaichoma kwa uma akamnyooshea. Uma ulikaa hewani. Miodrag alisogea nyuma ya mkewe akamwambia sikioni, "Kula. Usiniaibishe mbele ya watu."

Zagorka alimtazama Tijana. Tijana alikuwa akitabasamu kwa Ljubinka, na macho yake yalikuwa yanamwomba mama yake, kidogo tu mama, kimoja tu.

Akala.

*

Hawakufika kwenye keki. Zagorka alikuwa amebeba ya kwanza, ile ya jozi, alipoinama taratibu akaiweka sakafuni, kwa uangalifu, kana kwamba hapo ndipo mahali pake. Kisha akashuka yeye, magoti kwanza, halafu paji la uso likagusa zulia.

"Kateleza," alisema mtu.

"Amekunywa?"

"Hajanywa kitu! Ni lile tumbo lake," alisema Miodrag, akicheka kwa aibu. "Samahanini wageni. Ana tumbo la kike, linamshika kila wakiwapo watu. Litapita sasa hivi."

Tijana alikimbia, akapiga magoti, kiganja kikajua pa kwenda. "Vumilia mama. Pumua. Hapa? Ni hapa?"

Ljubinka aliinuka mezani. Alikuja akachuchumaa bila kujali gauni, akamshika Zagorka kidevu na kuugeuzia uso wake dirishani. Sehemu nyeupe ya macho ilikuwa ya manjano. Akamgusa paji la uso.

"Huyu ana homa. Manjano haya yameanza lini?"

"Sijui," Zagorka alisema huku ameuma meno. "Inaniwasha tu."

"Na mkojo? Mweusi? Maumivu yanakwenda begani?" Zagorka aliitikia. "Hii ni nyongo, jamani. Jiwe limeziba njia. Hii si ya kungoja kahawa. Mbona hajafanyiwa upasuaji mtu huyu?"

"Wameahirisha," alisema Zagorka. "Nilikuwa na tarehe Jumatatu hii. Chumba chenu kina matengenezo."

"Chumba kipi? Hakuna matengenezo. Mimi ndiye ninayepanga hizo tarehe." Ljubinka alivua miwani. "Subiri. Jumatatu. Zagorka... jina lenu la ukoo limejaa bonde zima, sikujua kama ni nyinyi. Mama, wewe mwenyewe ulinipigia ukaifuta."

"Mimi?"

"Mwanamke alipiga. Siwezi kufuta bila kuuliza, nikamwuliza tarehe ya kuzaliwa, akaitaja. Nikamwuliza jina la mama mzazi, akalitaja. Nikamsihi, mama, mawe hayangoji. Akasema hawezi, ana wageni wa heshima siku ya Mtakatifu Dimitri." Ljubinka aliitazama meza, kitoto cha nguruwe, mumewe na uma wake. "Kumbe wageni wenyewe ni sisi."

Zagorka aliinua kichwa, akamtafuta mama mkwe wake kwa macho.

"Usinitazame mimi!" Bibi Leposava alipaza sauti. "Mimi hata simu ile ya vidole siwezi kuiwasha. Mama yako aliitwa nani mimi nitakumbuka wapi?"

Akamtafuta Miodrag. Miodrag alikuwa amesimama wima karibu na mshumaa, anautazama mkate.

Na hapo, chini ya bega, mahali palepale, ule mkono ukasimama.

Haukuondoka. Ulikaa tu mgongoni, umeacha kuzunguka. Zagorka aliuhisi kupitia blauzi. Hakugeuka. Hakuwa na haja ya kugeuka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye alikuwa amekiomba kisiache kumsugua.

"Gari langu liko nje," alisema Ljubinka. "Nani anakuja naye?"

Wanaume walitazamana. Miodrag alifungua mikono. "Mshumaa bado unawaka. Mimi siwezi kutoka, unajua mila. Ukizimika tu..."

"Mimi naenda," alisema Tijana, akilia. "Mama, mimi nakuja nawe."

Zagorka alijiinua kwa kushika mguu wa meza. Alisimama akiwa amejikunja, mkono ubavuni, akasema kwa sauti ndogo ambayo meza nzima iliisikia: "Wewe baki. Wageni hawajala keki."

Alitoka ameegemea bega la mwanamke aliyemfahamu mchana ule.

*

Siku za mwanzo alizolazwa hospitali Zagorka hakuzikumbuka vizuri. Upasuaji ambao ungefanywa kwa vitobo vidogo ulihitaji mkato mrefu kutoka mbavuni, kwa sababu mfuko ulikuwa umeoza. Daktari alimwambia angechelewa mpaka kesho yake, wangezungumza na mumewe peke yake. Ljubinka alimletea gauni la kulalia la kwake, na kandambili za kwake. Kuhusu vijana hakusema chochote, ila mara moja, akimkunjia blanketi: "Uroš ni mtu mzima. Ataamua mwenyewe."

Miodrag alikuja, akasimama mwisho wa kitanda kama aliyesimama mbele ya mshumaa. Alisema wageni waliondoka mapema. Alisema wifi yake aliosha vyombo. Alisema, "Mimi nilisema tu itakuwa aibu. Simu sikupiga mimi." Zagorka alifumba macho mpaka akaondoka.

Tijana alikuja siku iliyofuata, peke yake, na kikopo cha ngano ya sikukuu, kwa kuwa mgonjwa naye anatakiwa kuonja. Aliketi ukingoni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mama, nilitaka siku moja tu. Siku moja waone nyumba yetu iko sawa, na wewe uko. Sikutaka wakukute umelazwa kitandani, nyumba inanuka dawa. Nilifikiri ni wiki mbili. Sikuamini kama kweli watakurudisha mwisho. Baba ndiye aliyesema tuseme ni matengenezo." Akafuta pua. "Nikikusugua mgongo nilikuwa nataka kukuambia. Kila mara."

Zagorka alikohoa, na kidonda kikamchana. Mkono wa Tijana ukaruka wenyewe, kuelekea pale chini ya bega.

"Toa," alisema Zagorka.

Mkono ukarudi mapajani. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kwa adabu. Kikopo cha ngano kilikuwa bado kimefungwa.

"Sema kitu mama. Nitukane. Usininyamazie."

Zagorka alitazama dari.

"Walikuuliza tarehe yangu ya kuzaliwa," alisema.

"Mama..."

"Nakuuliza. Uliitaja?"

Tijana aliitikia kwa kichwa.

"Siku na mwezi? Hukukwama?"

"Sikukwama."

"Hata kufikiri kwanza?"

"Hapana, mama. Naijua."

Zagorka aligeuza uso, akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu siku ya mtakatifu.

"Kumbe unaijua," alisema.